Motokaa ya Fahari Iliyosimama Kalinzi

Si desturi ya kurasa hizi kuandika habari za motokaa, wala sisi si mafundi wa vyombo hivyo. Kazi yetu ni kusomesha watoto Qurani na fikihi katika kijiji cha Kalinzi, na chombo tulichopata kukimiliki ni baiskeli. Walakini mwaka huu, wakati wa kuchuma kahawa, lilitufika jambo lililoanza kwa kutazama tu na likaishia mahali tusipopatazamia. Tumelizungumza nyumbani na barazani pa msikiti, na sasa twaona si vibaya kulizungumza na wasomaji.

Asiyeijua Kalinzi na ajue kwamba imo katika milima ya Waha, kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya barabara itokayo Mwandiga kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Kwetu kuna baridi kuliko Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika, na watu hulima kahawa, migomba na maharagwe. Magari tuyaonayo ni malori ya mizigo, daladala, na pikipiki zisizo na idadi. Motokaa ya kutazamwa kwa uzuri wake haipiti.

Ilikuwa Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Watoto walikuwa wakisoma mbele yetu, wakubwa Suratul-Mulk na wadogo juzuu ya Amma, mara sauti zikaanza kupungua moja moja kama mvua inayokatika. Mwalimu yeyote ajua maana yake: kuna jambo nje. Tuligonga ubao kwa fimbo ili warudi katika kisomo, kisha tukatazama dirishani, na fimbo ikabaki juu.

Ng'ambo ya barabara ilisimama motokaa ambayo mfano wake hatukupata kuuona tangu kuzaliwa. Ilikuwa ndefu kuliko daladala, na chini, karibu na ardhi, kama mtumbwi uliopakiwa sawasawa. Rangi yake ilikuwa buluu ya maji ya ziwa wakati wa asubuhi, na paa lake jeupe. Mbele ilikuwa na taa nne, na chini yake chuma king'aacho kilichojaa vijinundu kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Ama nyuma, hapo ndipo palipotuduwaza wakubwa na wadogo: palikuwa pameinuka mapezi mawili marefu, membamba, yenye ncha, kama ya sangala aliyekasirika, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Mvuke mweupe ulikuwa ukitoka mbele kwa kishindo.

Tuliwaambia watoto wafunge misahafu na juzuu zao, waziweke mahali pa heshima, kisha watoke. Nasi tukatoka. Hatutasema tulitoka kwa ajili ya kuwachunga, tulitoka kutazama.

Mwenyewe alikuwa mtu aliyetuzidi umri kwa miaka kama kumi, amevaa kofia ya mkono iliyofifia na mikono yake ina weusi wa mafuta ambao sabuni haiuondoi tena. Alitutolea salamu, tukaitika. Akasema, "Mwalimu, niwie radhi kwa kukuvunjia darasa. Mpira wa rejeta umepasuka. Naomba maji, na kama upo mpira wa baiskeli usiotumika." Watoto wakatimua mbio. Kabla hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani, madumu sita yalikuwa yamekwisha fika, na mipira ya baiskeli minne, ambayo mmoja wake, tulikuja kujua magharibi, ulikuwa ukitumika.

Walakini alisema hawezi kufungua kifuniko mpaka injini ipoe, maana maji yanayochemka ndani huruka na kuunguza uso. Basi tulikuwa na saa nzima ya kutazama.

Alikuwa ametoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Wasomaji wengi wa pande hizi wanaujua: ni mtaa wa Waislamu na wa lugha ya Kiswahili tangu zamani za Wabelgiji, na ni mtaa wa magaraji. Yeye ni fundi, na marehemu baba yake alikuwa fundi. Motokaa ile ni Cadillac ya Marekani, ya mwaka 1959. Baba yake aliipata mwaka 1962, mwaka ambao Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga duka na kurudi kwao alidaiwa na fundi huyo ujira wa miezi mingi, akamwachia motokaa badala ya fedha. Mzungu alidhani amemwachia mzigo, kwa sababu chombo kile hunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Fundi aliuchukua mzigo ule kwa furaha, akautunza miaka yote mpaka alipokufa, na mwanawe naye akaendelea kuutunza.

Usukani ulikuwa upande wa kushoto. Kwao magari hupita kulia mwa barabara, na kwetu hupita kushoto, kwa hiyo tangu Manyovu alikuwa akiendesha kandokando ya majani bila ya kuona mbele ya lori, na mwana wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na kitu, ameketi upande wa katikati ya barabara akimwambia "pita" au "ngoja." Tulimwuliza kijana kama hakuogopa. Akasema aliogopa katika kila kona.

Kijana huyo alikuwa na habari nyingi za motokaa ile katika simu yake, na mengine tuliyatafuta wenyewe baadaye. Cadillac zatoka Detroit, mji ulioanzishwa mwaka 1701 na Mfaransa aliyeitwa Antoine de la Mothe Cadillac, na jina lake ndilo lililopewa kampuni ilipoundwa mwaka 1902. Mmoja wa waasisi wake, Henry Leland, alikuwa mtu wa vipimo, asiyekubali chuma kizidi hata kwa unene wa unywele. Mwaka 1908 huko Uingereza zilichukuliwa Cadillac tatu, zikafunguliwa vipande vipande, na vipande vyote vikachanganywa pamoja. Vingine vikaondolewa na kutiwa vipya kutoka stoo. Kisha mafundi wakaziunda tena motokaa tatu katika chungu ile kwa funguo na bisibisi, pasi na kupiga tupa, na zote zikawaka, zikaendeshwa maili 500. Siku hizo lilikuwa jambo la ajabu, maana kila motokaa ilikuwa ikichongwa peke yake, na kipande cha hii hakiingii katika ile. Fundi wa Buyenzi alipoisikia habari hiyo akiisomewa na mpwa wake alitikisa kichwa kwa taadhima, kama sisi tunaposikia habari za maimamu wa hadithi waliosafiri mwezi mzima kuhakikisha neno moja.

Kampuni ilinunuliwa na General Motors mwaka 1909. Mwaka 1912 Cadillac zilianza kuwashwa kwa umeme, kazi ya fundi mmoja aitwaye Charles Kettering. Kabla yake dereva alisimama mbele ya motokaa akazungusha chuma kwa nguvu, na chuma kikirudi ghafla humvunja mkono. Mtu aliyeokoa mikono ya watu wengi namna hiyo twamwona ana fadhila, na shukrani kwake si dhambi.

Ama yale mapezi yana kisa chake. Mkuu wa wachoraji wa General Motors, Harley Earl, aliiona ndege ya vita iliyoitwa Lockheed P-38, yenye mikia miwili, ikampendeza. Baada ya vita kuisha, katika Cadillac za mwaka 1948, mapezi madogo yakatokea nyuma. Watu wakayapenda. Viwanda vingine vikaiga, na Cadillac ikayainua yake zaidi ili isifanane nao. Wakashindana hivyo miaka kumi, hata kufika ile ya 1959, ambayo mapezi yake yalizidi yote. Baada ya hapo yakaanza kushushwa, na katika zile za mwaka 1965 hayakuwapo tena. Chini ya mapambo hayo kuna injini ya silinda nane, ya lita sita na zaidi, yenye nguvu za farasi 325, na kiwiliwili cha urefu wa karibu mita 5.7 chenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Tuliipima kwa hatua zetu. Chumba chetu cha darasa kinaizidi kwa hatua moja.

Tulimwuliza fundi, "Mapezi haya yafanya kazi gani?" Akajibu, "Hayafanyi kazi yoyote, Mwalimu. Yanapendeza tu."

Jibu hilo lilitukaa moyoni. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo, na akataja kwamba aumba tusivyovijua. Pambo limetajwa waziwazi, pamoja na manufaa. Na katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Ibn Masud (r.a.), kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, akihofia ya kuwa hicho ndicho kiburi. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na apenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Wako wenzetu ambao wakiona kitu kizuri hukunja uso, wakadhani kukunja uso ni ucha Mungu. Hatukubaliani nao. Chombo kile kilikuwa kizuri, na tulisema Mashaallah kwa sauti.

Mtoto mmoja, mwenye maswali kuliko wote, alituvuta kanzu akauliza kama Peponi ziko motokaa za namna hii. Wenziwe wakacheka. Tuliwakataza kucheka, kwa sababu swali hilo lina asili: Tirmidhi amepokea kwamba bedui mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama Peponi kuna farasi, na mwingine akauliza juu ya ngamia, na jibu likawa kwamba atakayeingizwa humo atapata yale nafsi yake inayoyatamani. Wanavyuoni wameyasema yao juu ya nguvu ya mapokezi hayo, lakini maana yake imo pia katika Suratuz-Zukhruf. Mtoto akatafakari kidogo, akasema yeye ataomba ya rangi nyekundu.

Hata hivyo kuna kutazama na kutazama. Tulipokuwa tumesimama pale tuliona watu wazima wakikusanyika, na nyuso zao zikibadilika. Mwenye duka la jirani alihesabu kwa sauti ni magunia mangapi ya kahawa yangeweza kuinunua. Mwendesha pikipiki mmoja aliitazama pikipiki yake kama anayeitazama kwa mara ya kwanza, na asiipende. Na sisi, tusijitoe, tulijiona katika fikira zetu tumeketi nyuma ya kioo kile, tunashuka Mwandiga hata Ujiji, na watu wanatoka barazani. Habari za Qaruni katika Suratul-Qasas tumezisomesha miaka isiyopungua thelathini: jinsi alivyowatokea watu wake katika mapambo yake, na wale wapendao dunia wakatamani laiti nao wangepewa mfano wa alichopewa. Siku zote tulipozisomesha tulimtazama Qaruni. Hatukupata kuwatazama wale waliosimama kando ya barabara.

Nao wenye kiwanda waliujua udhaifu huo wa binadamu, wakaufanyia biashara. Ilikuwa kanuni yao kubadili sura ya motokaa kila mwaka, makusudi, ili mwenye ya mwaka uliopita aione yake imechakaa ilhali haina kasoro. Mwaka huo wa 1959 peke yake ziliundwa Cadillac zaidi ya 140,000, na kila mmoja wa walionunua aliambiwa kwa njia moja au nyingine kwamba mwakani itatoka bora. Lakini si kila aliyenunua alinunua kwa majivuno. Bondia Muhammad Ali, aliyetangaza Uislamu wake mwaka 1964 na akafika Dar es Salaam mwaka 1980, alipoanza kupata fedha za ngumi mwaka 1960 aliwanunulia wazazi wake Cadillac ya rangi ya waridi. Kijana mpwa alitusomea hayo, na fundi akageuza uso kutazama milima. Wakati ule hatukujua kwa nini.

Injini ilipopoa alifungua kifuniko, akakata ule mpira wa baiskeli vipande vyembamba, akaufunga mpira wa rejeta uliopasuka kwa mizunguko mingi, akakaza kwa waya. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini, na hakutazama mikono yake hata mara moja. Lakini jua lilikuwa limekwisha shuka, nasi tulimkataza kuteremka usiku na usukani wa kushoto. Alikubali. Waliswali nasi magharibi, wakala kwetu.

Baada ya chakula alitueleza safari yake. Alikuwa akiipeleka motokaa Kigoma, aipakie katika garimoshi hadi Dar es Salaam, kwa mtu anayenunua magari ya kale. Alicheka kidogo akasema, "Inarudi kwa njia iliyojia." Na ni kweli, kwa kuwa zamani za ukoloni mizigo mingi ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, ilishuka Dar es Salaam, ikaja kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikavushwa kwa meli. Wabelgiji walikuwa na bandari yao wenyewe hapo Kigoma, waliyokodishiwa na Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1921 kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Marehemu baba yake alimhadithia kwamba ndivyo ilivyofika, imefunikwa turubai, na wachukuzi wa gati wakabishana kama ni motokaa au ni ndege iliyokatwa mabawa.

Kisha akanyamaza. Kijana alikuwa ametoka nje, anawaonyesha watoto taa zile nyekundu gizani. Fundi akasogea karibu, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa elimu. Nina jambo."

Jambo lilikuwa hili. Baba yake alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Aliacha mjane, ambaye ni mama yao na yu hai, na watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Nyumba waligawana. Motokaa haikugawiwa, kwa sababu motokaa haikatwi vipande; ikabaki kwake kwa kuwa ni mkubwa na ni fundi, na dada zake waliambiwa kwamba wanawake hawana haja nayo. Tangu hapo alikuwa akiikodisha katika harusi za Bujumbura. Maarusi waliipenda, na fedha iliingia. Hakumpa mtu hata faranga moja. Sasa amepata mnunuzi, na bei ni kubwa kuliko alivyofikiri. Alikuwa amekusudia akirudi awatajie ndugu zake bei nyingine.

"Mpwa wangu hajui," akasema. "Mama yake ni dada yangu wa kwanza."

Tulimwambia kwamba sisi si kadhi, na kwamba Bujumbura wako wanavyuoni wanaotuzidi. Lakini alisisitiza, basi tukawasha taa ya darasani, tukafuta nusu ya ubao tukabakisha herufi za watoto, tukamwandikia. Suratun-Nisai imebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na wanawake wana fungu, kiwe kichache au kingi. Haikusema isipokuwa motokaa. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mjane ana thumni, yaani moja katika nane. Kinachobaki chagawiwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Ukiifanya mali mafungu 48, mama apata 6, kila mwanamume 14, na kila mwanamke 7. Jumlisha, hesabu yatimia.

"Na taabu yangu?" akauliza. "Vipuri nimenunua mimi. Usiku nimelala chini yake mimi."

Swali lilikuwa la haki, nasi hatukulipuuza. Tulimwambia kwamba alichokitoa kuihifadhi mali ya wote aweza kukiweka mbele ya ndugu zake pamoja na hesabu yake, na ujira wa kazi waweza kupatana. Vilevile aweza kuwanunulia mafungu yao akabaki na motokaa, au wao, wakiwa ni watu wazima na wameridhika, waweza kumwachia. Lakini kodi ya harusi nayo ni ya mafungu 48. Na msamaha wa mtu asiyejua alichokisamehe hatuoni kuwa ni msamaha.

Alikwenda katika motokaa akarudi na daftari lililofungwa kwa mpira. Fundi mzuri huandika. Yalikuwamo yote, harusi moja moja kwa tarehe na fedha yake, na kila nati aliyoinunua. Akasema daftari hilo halijapata kuonwa na mtu wa nyumbani kwao. Alipokuwa akilifungua, kijana aliingia. Alitazama ubao, akausoma taratibu, akaweka kidole juu ya tarakimu moja.

"Hii saba ni ya mama?"

Mjomba wake akamjibu, "Hiyo ni ya mama yako." Kisha akampa daftari alishike.

Tungependa kuwaambia wasomaji kwamba kisa kiliishia hapo, mwalimu amemwongoza msafiri na kila mtu akaenda kulala. Lakini fundi yule, wakati tunatandika mikeka, aliuliza kwa wema tu, kama mgeni anavyouliza: "Na wewe, Mwalimu, mzee wako alikuachia nini?"

Tulimwambia, shamba la kahawa.

"Mko wangapi?"

Wawili, sisi na dada yetu aliyeolewa Ujiji. Mama alitangulia kufa. Hakuuliza zaidi, wala haikuwa lazima. Tangu baba afariki, miaka kumi na tisa sasa, shamba tumelilima sisi, kahawa tumeiuza sisi, na kila Idi humpelekea dada gunia la maharagwe na doti ya kanga. Tulikuwa tukijiona wakarimu. Kile kilichokuwa haki yake tulikuwa tukimpa kwa jina la hisani, tena kwa kipimo tulichokipenda. Hadithi ya anayechukua shubiri ya ardhi isiyo yake, atakavyofungwa shingoni ardhi saba, tumeisomesha nayo kila mwaka, na watoto waijua kwa moyo.

Mama wa nyumbani kwetu, aliyekuwa akikusanya vyombo, alisema bila ya kututazama, "Ubao bado una nafasi."

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, walitia maji katika rejeta na Cadillac ikawaka mara moja, kwa sauti nzito ya chini, si ya kelele. Watoto walikuwa wamekwisha jipanga barabarani. Iliondoka polepole, ikashika mteremko wa kwenda Mwandiga, na yale mapezi yakaonekana kwa muda mrefu juu ya ukungu kuliko kitu kingine chochote. Tulisimama tukaitazama mpaka mwisho. Uzuri wake haukupungua kwa sababu ya tuliyoyasikia.

Baada ya majuma matatu kijana alitupigia simu kutoka Bujumbura. Motokaa iliuzwa. Bei hakuitaja wala hatukumwuliza. Alisema walikaa wote watano mbele ya mwanachuoni, daftari likasomwa kutoka ukurasa wa kwanza, palikuwa na maneno makali hata mmoja wao akatoka nje na kurudi mara mbili, na mwisho mama yake alipokea mafungu yake saba, na ya harusi mbali.

Ama habari yetu sisi, Jumamosi ile ile ya wiki ya motokaa dada yetu alipanda daladala kutoka Ujiji pamoja na mwanawe. Alidhani kuna msiba. Tulimpa habari tumesimama, maana tukiketi tungetafuta maneno ya kupamba. Hakulia wala hakufurahi. Alisema tu, "Basi twende tukalione," kwa kuwa hakupata kulikanyaga tangu siku ya mazishi.

Tulihesabu miti ya kahawa kwa kamba, safu kwa safu, na watoto wa chuo wakituhesabia kwa sauti. Ilikuwa 618. Tukaigawa mafungu matatu ya miti 206, mawili yetu na moja lake, na kwa kuwa mafungu hayalingani kwa rutuba, tulipiga kura kwa vijiti alivyovishika mwanawe. Lake likaangukia chini, kwenye kijito, ambako miti haikosi maji na matawi yake hulemewa kila mwaka. Ndilo fungu tulilokuwa tukilipenda kuliko yote.

Wakati wa kupumzika chini ya mgomba alituuliza habari za ile motokaa, ilikuwa rangi gani, na kama kweli ilikuwa na mapezi. Tukamweleza. Kisha akasema yeye hawezi kupanda mlima kila wakati kuja kulima, akatutaka tumlimie fungu lake kwa ujira mpaka mwanawe atakapojenga huku. Tukapatana ujira, mwanawe akauandika.